Adhana ya Ningi

Kwetu upande huu wa Nkololo hatujui kuimba peke yetu. Nakwambia ukweli. Mtu akishika jembe anaimba, akiimba lazima apatikane wa kumwitikia, na wakishaitikiana lazima watokee watu wa kusimama pembeni kutazama. Wakishasimama hao, basi, hapo ndipo jembe linapoingia ardhini sawasawa! Ukiwaondoa watazamaji, utaona jembe linakuwa zito, na mgongo unaanza kuuma.

Baba yangu alikulia humo, tena si pembeni, alikuwa katikati kabisa. Alikuwa ningi. Ningi ni yule anayetunga nyimbo za kundi la ngoma na kuziongoza, na wala sizungumzii ngoma za kuchangamsha harusi. Nazungumzia mbina ya mashindano, pamba ikishavunwa, pale makundi mawili yanapoingia uwanja mmoja, Bagalu huku na Bagika kule, na kupiga kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala maksi. Watu wako katikati. Kundi la huku likinoga, watu wanalikimbilia. La kule likizidi, wote wanageuka, mbio, vumbi juu, kina mama na watoto mgongoni! Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na atatamba mpaka mavuno yajayo.

Baba alikuwa wa Bagalu. Nilipokuwa mdogo nilimwona akiimba huku amefumba macho, nikadhani ni madaha tu. Siku moja nikamuuliza, akaniambia anafumba ili asikilize miguu. Kwa miguu ya watu alijua wamesogea, wamechoka, au wanataka kumkimbia kwenda kwa mwenzake. Akisikia miguu inaondoka, anapandisha sauti, anaivuta, anaikunja mwishoni namna ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, na watu wanarudi. Wanarudi, jamani! Nilikuwa nasimama pale na kamasi zangu najiona mtoto wa mfalme.

Mimi nilitangulia kuingia Uislamu, kwa ndoa. Nilichukuliwa Maswa na mume mwema, Mungu amrehemu, nikasilimu, nikajifunza swala, na alipofariki nikarudi kwetu na msala wangu na sufuria zangu. Nikafungua kibanda cha chai na maandazi hapo senta, kando ya barabara ya kwenda Bariadi. Nyumbani tulibaki mimi na baba tu, maana mama alishatangulia. Nilikuwa naswali nyuma ya nyumba, karibu na zizi, kwa sababu ndani kulikuwa kumejaa magunia ya pamba. Siku moja nimetoa salamu, nageuka, namkuta baba amesimama pale, fimbo mkononi, ananitazama kama anatazama ndama aliyezaliwa na pembe.

"Mayu," akaniita, kwa kuwa ndivyo baba wa kwetu anavyomwita binti yake, mama. "Unafanya nini hapo?"

"Naswali, bhabha."

"Nani anakutazama?"

"Hakuna. Mungu tu."

"Usipofanya, nani atajua?"

"Hakuna atakayejua."

Alilitazama zizi. Halafu akacheka kile kicheko chake cha tumboni. "Basi hiyo ni mbina ngumu kuliko zote," akasema, akaondoka.

Nilidhani yamekwisha. Wapi! Kesho yake alasiri akawa tena zizini, anajifanya anaangalia kwato za ng'ombe. Keshokutwa hivyo hivyo. Yule ng'ombe alikuwa na kwato nzuri tu, nikajua kuna jambo. Likamtafuna muda mrefu kweli, msimu ukapita, na Ijumaa moja akavaa koti lake la kwendea mnadani, akaniambia, "Nipeleke kwa yule imamu wenu." Akatamka shahada na mvi zake zote kichwani. Nilipiga kigelegele mpaka imamu akanionyesha ishara nipunguze. Sikupunguza. Siku kama ile unapunguzaje?

Imamu wetu ni fundi cherehani, kijana mpole aliyetoka Bariadi mjini, anashona kanzu na sare za shule kwenye chumba kilicho ubavuni mwa msikiti. Msikiti wenyewe ni mdogo, wa tofali za kuchoma na bati, na pazia la kijani linalotenga sehemu yetu wanawake huko nyuma. Waislamu hapa kwetu tunajuana kwa majina wote. Majirani zetu wengi ni watu wa kanisa, na wengine ni wafugaji wanaofuata mambo ya mababu. Tunaishi vizuri, tunazikana, tunalishana. Imamu akamfundisha baba kutawadha, akamfundisha swala, na aliposikia ile sauti akamfundisha adhana.

Katika kufundishwa huko walifika kwenye maneno ya siku ya mvua. Mvua ikiwa kubwa, ya kumpa mtu taabu, muadhini ana ruhusa ya kutia katika adhana maneno ya kuwaambia watu waswali majumbani kwao. Nilikuwepo, nimewapelekea chai. Baba alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kanzu.

"Yaani nisimame, nitoe sauti yangu yote, niwaambie watu wasije?" akasema. "Ningi gani huyo?"

"Si ningi, mzee wangu. Ni muadhini," imamu akamjibu.

Baba akamwomba ayarudie maneno yale, na tena, na tena, huku akicheka, mpaka akayashika kwa moyo. Nadhani aliyashika kuliko mengine yote kwa sababu yalimchekesha. Alfajiri zile alikuwa akiyasema peke yake akienda kukamua.

Basi akaanza kuadhini. Mwenzangu, we acha tu! Alasiri ya kwanza na spika, senta nzima ilisimama. Mpima pamba aliacha mizani inaning'inia. Mama mmoja wa kanisani, mteja wangu wa kila siku, aliweka kikombe chini akasema, "Amerudi yule!" Maana watu hawakusikia adhana, walimsikia ningi wao waliyemkosa tangu alipoacha uwanja wa mbina, miaka mingi nyuma. Alipofika pale pa kuvuta, akavuta, akakunja mwishoni, na kina mama pale kibandani kwangu wakapiga vigelegele katikati ya adhana! Mzee mmoja mfugaji akavuka barabara, akaingia msikitini na makatambuga yake miguuni, akamtia baba noti kwenye kola kama ningi anavyotuzwa uwanjani. Imamu alimshika mkono taratibu kumtoa nje, mabega ya imamu yanatikisika kwa kicheko. Adhana ilipoisha baba alimkimbilia mlangoni akamrudishia noti yake.

Ikawa kila alasiri watu wanajikusanya kando ya uzio wa msikiti. Wakristo, wafugaji, vijana wa bodaboda, wanasikiliza, adhana ikiisha wanakwenda zao. Na mimi je? Nilivimba! Nilimweleza kila mteja kwamba yule ni baba yangu. Aliyekuwa anajua nilimweleza pia. Kama mtu alikunywa chai kwangu msimu ule bila kuelezwa habari za baba, basi alikuwa kiziwi.

Habari zikafika mnadani, na mnadani zikamfikia yule mwingine. Mwingine huyo alikuwa ningi wa Bagika, mshindani wa baba tangu ujana wao, na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Yeye yuko kijiji cha pili, si Mwislamu wala Mkristo, ana ng'ombe wake na mizimu yake. Alichoambiwa mnadani ni hivi, kwamba mwenzako ameanza tena, anavuta watu kila alasiri, tena bila kukutaarifu. Na kwa desturi ya mbina, mwenzako akipiga na wewe ukanyamaza, umekubali kushindwa. Hapo mtu afanye nini? Siku ya tatu tukaona mkokoteni wa ng'ombe unaingia senta, juu yake wazee wa watu na ngoma zao, manyoya kichwani, na mzee mwenyewe amesimama mbele amejipaka vumbi jeupe usoni!

Walishuka ng'ambo ya barabara, wakazikaza ngoma zao juani, wakasubiri kwa adabu. Kwa sababu sheria ni kuanza pamoja.

Baba hakuwaona. Alikuwa ndani, ameelekea kibla, kaskazini, macho kafumba. Akainua sauti, na palepale, ng'ambo ya barabara, ngoma zikalia.

Loh! Mimi niliganda na mwiko mkononi. Watu wale wa kwenye uzio walitazamana, halafu miguu ikawaponyoka. Wakaanza kukimbilia kwenye ngoma, kwanza vijana, halafu kina mama, vumbi juu, kama zamani. Na nikajua, kabla hajafanya chochote, kwamba baba ameisikia miguu.

Akapandisha. Wallahi alipandisha! Spika ile ya bei rahisi ilitetemeka pale juu ya mti wake. Alipofika kwenye kuwaita watu kwenye swala alivuta mpaka nikaona mwenyewe pumzi imeniisha, akakunja, akashusha, akapandisha tena pale ambapo hapajapandishwa na mtu tangu msikiti ule ujengwe. Na watu wakageuka. Wakarudi! Walirudi mbio, wote, mpaka wapiga ngoma wa ng'ambo mikono ikalegea, wakabaki midomo wazi. Mama wa kanisani alikuwa analia. Na mimi nilipiga kigelegele, mwiko juu, maandazi yanaungua, simjali mtu.

Adhana ikaisha. Baba akatoka mlangoni, jasho linamtiririka, macho yanawaka. Yule rafiki yake akavuka barabara, akaja moja kwa moja, anacheka kwa furaha ya kweli, akaushika mkono wa baba akauinua juu mbele ya watu wote.

"Wabeja! Asante kwa kazi! Umenishinda tena, jamaa wewe!"

Watu wakalipuka. Baba alikuwa anacheka naye, meno yote nje. Imamu ndiye aliyeingia kati, akamshika mgeni bega, akamweleza kwa upole kwamba hapa hapana mashindano, mzee huyu alikuwa anaita watu kwenye ibada, kwa ajili ya Mungu peke yake.

Mgeni alishangaa kweli. Alimtazama imamu, akamtazama baba. "Si mashindano?" akauliza. "Basi kwa nini alipandisha?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama ningi anavyomuuliza ningi mwenzake. Lakini nilikiona kicheko cha baba kinatoka usoni, taratibu, mpaka hakikubaki chochote. Akaushusha mkono wake. Akaingia ndani, akaswali, akatoka, akanipita pale kibandani bila kugusa chai yake.

Nyumbani akaniambia, "Ile haikuwa adhana, mayu. Ile ilikuwa mbina." Na kesho yake hakuadhini.

Keshokutwa vilevile. Akawa anakwenda msikitini, anakaa safu ya nyuma, anaswali, anarudi. Kipaza sauti akapewa kijana wa bodaboda, mcha Mungu sana, sina neno naye, ila sauti yake ni kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Mama wa kanisani akanijia juu, "Mmemnyamazisha mzee kwa nini?" Nikamwambia kanyamaza mwenyewe, na mimi nina hasira kuliko wewe!

Maana nilikuwa nazo. Mimi si mtu wa kuficha hasira, nikikasirika hata kuku wanajua. Nilimfuata baba zizini, nikamwambia Mungu amempa sauti na yeye anaifungia kama gunia. Nikamwambia watu wanaisubiri. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Ndiyo hao," akasema. "Watu. Mayu, nisikilize. Wewe umeswali tangu uolewe. Yule imamu ameswali tangu utoto. Mimi nimekuja jua linazama. Funga zangu chache, swala zangu nyingine nakosea, Kurani siiwezi. Nina kazi moja tu ninayoifanya vizuri ya kumpelekea Mungu, ni hii adhana. Sasa nikifika kule, ikifunguliwa, ikutwe imejaa watu ndani, Yeye hayumo, nitasema nini? Nitakuwa nimekwenda mikono mitupu."

Nilijifunga kanga, nikaenda msikitini moja kwa moja.

Nikamleta imamu. Alikaa na baba kwenye vigoda nje ya jiko, akamweleza kile tunachofundishwa wote madrasa, kwamba kila tendo ni kwa nia yake, na kwamba kufanya jambo kwa ajili ya watu ni maradhi, lakini kuliacha kwa ajili ya watu nayo ni maradhi vilevile, bado umewapa wao.

Baba alifikiri. "Kwa hiyo nikiadhini ni watu, na nikinyamaza ni watu?"

"Inaweza kuwa hivyo, mzee wangu."

"Basi nitokee wapi?"

Imamu alikuna ndevu zake. Ni mtu mkweli, hakujitia kujua. "Muombe Mwenyewe," akasema. "Nami nitakuombea." Akanywa uji wake akaenda kushona. Nikamlaani kimoyomoyo, kisha nikaomba msamaha kimoyomoyo, kwa sababu nilitaka aje na dawa na yeye amekuja na dua.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Mashamba yalibaki na vikonyo vya pamba tu, ng'ombe wakawa mbavu nje, upepo ukatuletea vumbi mpaka ndani ya unga. Baba akapungua. Chakula anakigusa tu, masikhara yake yameisha, hata ng'ombe wake wa kwato nzuri hamtazami. Rafiki yake wa Bagika alikuja kumwona mara kadhaa, wakakaa kimya pamoja. Mara ya mwisho aliniambia mlangoni, "Mayu, laiti ningejua nisingekuja na zile ngoma." Nikamwambia hana kosa. Na kweli hakuwa nalo, ningi asiyejibu si ningi.

Mvua ilikuja siku moja mchana, bila salamu. Asubuhi mbingu nyeupe, mchana upande wa Bariadi ukawa mweusi tii. Nilikuwa nimefunga kibanda mapema kwenda kuswali adhuhuri msikitini, nimetawadha, nimeingia sehemu yetu nyuma ya pazia, peke yangu. Hata viatu niliingia navyo mkononi kwa kuhofia maji. Nikasikia upepo, nikasikia tone moja, na halafu, jamani, mbingu ikaanguka! Mvua ya mawe. Bati lile lilipiga kelele sijapata kuzisikia, nikatia vidole masikioni. Umeme ukakatika. Kwenye tundu la dirisha niliona barabara imekuwa mto, mkokoteni wa mtu unaelea, na senta yote imejifungia. Imamu alikuwa mjini kununua vitambaa. Yule kijana wa bodaboda sijui alijibanza wapi.

Mlango ukafunguka. Pazia lina upenyo, nikachungulia. Ni baba. Ameloa chapachapa, kanzu imemganda, mvua ya mawe imemtia alama nyekundu kwenye paji la uso. Akatazama huku na huku. Msikiti mtupu. Aliita, "Hodi! Kuna mtu?" Nilifungua mdomo kumjibu. Sijui nini kilichonizuia, mimi nisiyezuiliwa na kitu. Nikaufunga.

Akasubiri. Akatazama kipaza sauti, hakina uhai. Akasogea mbele akaelekea kibla. Akafumba macho.

Nilijua anasikiliza miguu. Hapakuwa na mguu hata mmoja. Palikuwa na bati tu, na mawe juu yake, na maji.

Akaadhini.

Nilidhani ataadhini kavukavu, kutimiza tu. Nani angemlaumu? Mtu yuko peke yake, hasikiki hata hatua chache kutoka alipo. Wapi, ndugu yangu! Alitoa yote. Pale pa kuvuta alivuta, pale pa kukunja alikunja, alipandisha zaidi ya siku ile ya ngoma, mishipa ya shingo imesimama, na mimi niliyekuwa nyuma yake kabisa nilikuwa nainyakua sauti vipande vipande, inakuja inapotea. Aligeuza uso kulia kuwaita watu, ukuta. Akageuza kushoto, ukuta. Na hapo akayatia yale maneno yake ya mvua. Yale aliyoyacheka mpaka akamwaga chai. Akayavuta kwa ile sauti iliyowahi kunyang'anya watu wa Bagika uwanja mzima, akiwaambia watu wasije, wabaki kwao, waswali walipo. Tena hakucheka. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtoto anayenyonya.

Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke. Nilitaka kupiga kigelegele. Niliuma ukingo wa kanga.

Akakimu, akaswali, nami nikamfuata nyuma ya pazia, naye hakujua kama ana maamuma. Mvua ilipopungua akakamua kanzu yake mlangoni, akaondoka akirukaruka madimbwi. Nilikaa pale mpaka alipopotea kabisa, halafu nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, matope mpaka magotini.

Jioni nasonga ugali, akaja jikoni akakaa kwenye kigoda. Akakohoa. Akachezea kuni.

"Mayu," akasema, sauti ndogo. "Wakati wa mvua. Huko senta, watu walisikia chochote kutoka msikitini?"

Mwiko ukanisimama. Nikaelewa swali lile limetoka mbali, na kwamba mzee huyu amelibeba tangu adhuhuri.

"Bhabha!" nikasema. "Kwenye mvua ile? Huko senta mtu alikuwa hasikii hata anachopigiwa kelele sikioni."

"Hakuna aliyesikia?"

"Sijakutana na mtu hata mmoja aliyeniambia kasikia."

Alinitazama. Halafu uso wake ukafunguka, mwenzangu, sijawahi kuuona vile, hata siku za ushindi, hata alipobebwa mabegani uwanjani. Alipiga makofi. Alisimama. "Hakuna aliyesikia!" akasema. "Alhamdulillah! Mayu, hakuna aliyesikia!" Na mzee mzima, na alama yake usoni, akaanza kucheza mule jikoni, mabega yanakwenda kama ya kijana wa Bagalu, anazunguka mafiga, anacheka machozi yanamtoka. "Mtupu! Msikiti mtupu kabisa!" Nikageuza ugali. Niligeuza ule ugali mpaka ukawa mgumu kama tofali, tukaula hivyohivyo.

Alfajiri nikaamshwa na sauti yake kwenye spika, imerudi yote, na mikunjo yake. Siku hizi watu wanajikusanya kama zamani kwenye uzio, na rafiki yake wa Bagika huja siku za mnada, bila ngoma, anakaa kwenye benchi langu akisikiliza. Kina mama bado wanapiga vigelegele, imamu amechoka kuwakataza. Kama baba bado anasikiliza miguu, sijui, moyo wa mtu siuoni. Ila sikumsikia tena akipandisha mahali pasipo pake.

Na mimi, niliyetangaza habari zake kwa kila mnywa chai, hili nimelikalia. Hata hapa umesoma mpaka mwisho na jina lake hukulikuta, na ukija kibandani kuniuliza ni mzee yupi, nitakuuliza kama unataka chai ya maziwa au ya rangi. Kila mwaka wingu la kwanza likisimama upande wa Bariadi, baba hutoka nje akalitazama, halafu hunigeukia, anashusha sauti kama anayetaja ng'ombe aliyemficha mbali na wezi.

"Ile moja ninayo, mayu."

"Unayo, bhabha," namjibu, na haraka haraka nageuka kutafuta kikombe.